Shule zinahitaji Jumamosi za mafundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu wa Tanga, pamoja na wakubwa wa viwanda na karakana zetu.

Mimi ni fundi mitambo mstaafu. Miaka 31 nimeitumikia korona ya mkonge, yaani mtambo wa kuchakata majani yatoe singa (nyuzi), upande wa Muheza na Korogwe, nikibadilisha beringi na kufunga mikanda. Sasa nakaa Makorora na mjukuu wangu aliye kidato cha tatu.

Mwaka jana nilimkuta anakariri fizikia, macho yameelekea darini, midomo inarudia kwa Kiingereza kwamba kani huzidishwa kwa umbali. Nikamuuliza maana yake. "Babu, ndivyo ilivyoandikwa." Nikamtoa uani, kwenye gurudumu la mkokoteni lenye nati iliyoshikwa na kutu, nikampa spana ya sentimita 25. Aliivuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, nati haikutikisika. Nikachomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana, urefu ukafika mita moja. Akashika ncha ya bomba, akavuta, nati ikalia kisha ikaachia. Akaitazama kitambo, akasema, "Kwa hiyo hapa nguvu yangu imekuwa mara nne." Hesabu hiyo sikumpa mimi.

Jumatatu nikaenda shuleni kwao. Mwalimu wa fizikia ni mmoja kwa mikondo yote, na vifaa vya vitendo ni vya kugombea. Hakunung'unika, aliniuliza tu kama ninaweza kuja na spana yangu. Tukapata kibali cha mkuu wa shule na bodi, wazazi wakasaini, tukapanga Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Masharti ni mawili: viatu vya kufunika vidole, na hakuna anayegusa kitu chenye umeme kabla mtu mzima hajakikagua.

Hadi leo tumekutana mara tisa. Jumamosi ninayoikumbuka kuliko zote ni ile tuliyoleta pampu ya kisima iliyokuwa ikiunguruma bila kuzunguka. Wavulana wakaamua kwa kauli moja kwamba mota imeungua. Binti mmoja wa kidato cha pili, mpole sana, akaomba testa, kifaa cha kupimia umeme. Akapima koili za mota, zikaonekana nzima. Akapima kapasita, ile inayoisaidia mota kuanza kuzunguka, akakuta imekufa. Tukanunua nyingine mjini, pampu ikavuta maji. Mama yake anauza samaki na alikuwa amekuja kumchukua. Alisimama mlangoni na beseni lake kichwani, hakulishusha mpaka maji yalipotoka.

Mwezi uliofuata mzee mmoja mvuvi wa Deep Sea akawachukua ufukweni. Walisimika mti, wakauwekea alama kila sentimita 10, wakaandika maji yalipofika. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, wameyasikia tangu utotoni. Safari hii waliyaweka kwenye grafu, wakaona wenyewe kwamba maji hupanda sana mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maana wakati huo jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja.

Nayaeleza haya kwa sababu nimeona pia msaada wa namna nyingine. Kampuni moja, sitaitaja, ilileta kompyuta katika shule ninayoijua. Zikapigwa picha, zikakatiwa utepe. Hakuna aliyerudi kuziunganisha wala kumfundisha mwalimu namna ya kuzitunza. Nilipozikuta, nyingine zilikuwa bado kwenye maboksi na mchwa ameanza kula kona za chini. Iliniuma sana, kwa kuwa fundi mmoja kwa siku mbili angeziwasha zote.

Mji huu una watu. Tuna bandari, tuna saruji, tuna reli, tuna chuo cha ufundi cha VETA. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia hapa hapa Chongoleani. Kule Hale taka za mkonge zimewahi kuzalisha gesi ya kuendesha jenereta. Singa ni sehemu ndogo mno ya jani, kwa hiyo taka hizo ni milima. Mtoto wa Tanga angejifunza kemia hapo, akaishika kwa mikono.

Ninachowaomba wakubwa wa viwanda ni hiki: mpeni fundi wenu mmoja ruhusa ya nusu siku kwa mwezi, yenye malipo, kwa shule moja ya kata iliyo jirani. Iandikwe kwenye ratiba yake ya kazi, maana hisani isiyo na ratiba hufa mvua za kwanza. Shule nazo zisingoje kualikwa. Mwalimu abishe hodi karakana, aseme mada anayofundisha muhula huu, fundi ataangalia kilichopo.

Jumamosi ijayo tunafungua gia boksi kuukuu ya trekta. Mimi nina spana za kutosha, ila macho yangu hayaoni vizuri tena meno madogo. Fundi mwenye macho mazuri na asubuhi moja ya nafasi aulize ofisi ya mtaa, wataonyesha shule ilipo. Tunaanza saa tatu.

Fundi mstaafu,
Makorora, Tanga