Samaki wa mbao na kikao cha 1786

Worcester, Massachusetts
Jumapili, saa nne usiku

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi, kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, ila mgongo ndio unanikumbusha kwamba kuwainua wazee kitandani usiku kucha si mchezo. Watoto hawajambo. Baridi imeanza kubisha hodi na mimi bado sijanunua viatu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Kwa hiyo kidato cha nne wamekubana! Vita vya Wamarekani na Mwingereza vinaisha 1783, unafunua ukurasa, unakuta katiba ya 1787, katikati kimya. Wanataka kujua wabunge wa mwanzo walikaa wakafanya nini. Nawe ukaniambia, "Si uko huko huko, niulizie." Utadhani wakongwe wa vita wamejipanga kituo cha basi wananisubiri. Lakini una bahati, mwenzangu. Mji huu ninaoishi ndiko mambo yenyewe yalikotokea, na mwezi uliopita nilimsindikiza mwanangu na darasa lake Boston kutembelea bunge la jimbo. Nitakusimulia la Massachusetts tu, maana kila jimbo lilikuwa na bunge lake na vituko vyake.

Kwanza jina. Bunge lao mpaka leo linaitwa kwa jina la kizamani, maana yake "Korti Kuu". Nilidhani mwalimu wa watoto kakosea, kumbe ndivyo. Ukiingia ukumbi wa wawakilishi, juu kabisa ananing'inia samaki wa mbao, chewa wa bahari za baridi, mrefu karibu sawa na mimi. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa mbunge, John Rowe, ndiye aliyetoa hoja Machi 1784 atundikwe, watu wasisahau kwamba uvuvi ndio uliowalisha. Vita vimeisha juzi tu, jimbo limezama kwenye madeni, nao wanajadili samaki! Nilicheka mpaka mlinzi akanitazama. Siku hizo walikuwa wanakaa kwenye jengo la zamani la matofali, ambalo bado lipo. Sasa ni makumbusho, na treni zinapita chini yake.

Sasa sikiliza habari ya hayo madeni. Wakati wa vita askari walilipwa karatasi za ahadi: serikali itakulipa baadaye. Mtu karudi shambani, watoto wana njaa, karatasi hailiki. Akaiuza kwa bei ya kutupa kwa matajiri wa pwani. Baadaye bunge likaamua karatasi hizo zilipwe kwa thamani nzuri, na riba juu, kwa fedha taslimu. Fedha itoke wapi? Kwenye kodi. Kwa hiyo yule yule aliyepigana akauza karatasi yake kwa senti chache, sasa anatozwa ili aliyeinunua afaidi. Machi 1786 wakapitisha kodi ya takriban pauni 300,000, na sehemu kubwa ilikuwa kodi ya kichwa, kwa kila mwanaume kuanzia miaka 16, awe na ng'ombe arobaini au hana kuku.

Hapo nilimkumbuka baba. Unakumbuka kodi ya maendeleo? Tulikuwa darasa la tano, mgambo wakikaa pale njia panda wanadai stakabadhi, na wanaume wa mtaa mzima wanalala kwenye mkonge. Mama alikuwa akinituma na kibakuli cha ugali nimefunika kwa kanga, nikiulizwa niseme nampelekea bibi. Huku walikuwa hawalali porini. Walipelekwa kortini, ng'ombe akachukuliwa, shamba likanadiwa, na aliyekosa kabisa akafungwa gerezani kwa deni. Miongoni mwa waliodaiwa alikuwemo Kapteni Daniel Shays, aliyepigana vita vya Bunker Hill na Saratoga dhidi ya Mwingereza. Lafayette, yule jenerali Mfaransa aliyewasaidia Wamarekani, alimzawadia upanga, akauuza apate pesa.

Watu waliandika maombi kwa bunge, miji kwa miji. Tatizo, kuwa mbunge kwenyewe kulitaka mali: shamba la pauni 100 kwa wawakilishi, la pauni 300 kwa Seneti, au mali nyingine maradufu ya hapo. Tena posho ya mbunge ililipwa na mji wake, basi vijiji maskini vya magharibi mara nyingi havikupeleka mtu. Kukaa Boston miezi, nani atagharimia? Kwa hiyo waliokuwa na shida zaidi ndio viti vyao vilikuwa vitupu. Julai 1786 bunge likaahirishwa, waheshimiwa wakarudi makwao, maombi yamelala mezani. Mwezi uliofuata wajumbe wa miji 50 wakakutana mji wa Hatfield, huko magharibi, kuorodhesha malalamiko yao, na moja lilikuwa hilo hilo, kwamba bunge linakaa Boston.

Walipoona hawasikilizwi, wakaenda kuzifunga korti. Korti isipokaa, hakuna hukumu ya deni. Tarehe 29 Agosti walianzia Northampton. Tarehe 5 Septemba ikawa zamu ya hapa Worcester, kwenye barabara kuu ninayopita kila jioni nikienda kazini. Jaji mkuu alikuwa Artemas Ward, mzee aliyekuwa jenerali wa wapiganaji wa jimbo hili 1775. Alikuta ngazi za mahakama zimejaa watu wenye bunduki, kofia wamezichomeka vitawi vibichi vya msonobari kama walivyofanya vitani. Akapanda hivyo hivyo, singe zimemwelekea kifuani, akawahutubia kama saa mbili. Hawakumdhuru, wala hawakumpisha. Korti ikaenda kukaa kwenye kilabu cha pombe.

Lakini kinachonishangaza ni hiki, na ndicho ningependa uwaambie wanafunzi. Miaka 12 nyuma, Septemba 6, 1774, barabara hiyo hiyo walijipanga wanamgambo 4,622 kutoka miji 37, pande mbili. Maofisa wa korti ya mfalme wakapitishwa katikati, kofia mkononi, wakisoma kwa sauti kwamba wanajiuzulu, wakafika kundi jingine wakasoma tena, zaidi ya mara thelathini, kila mtu asikie. Hilo likaitwa uzalendo. Wakulima wa 1786 walirudia somo walilofundishwa, wakaitwa waasi. Hata Samuel Adams, aliyewachochea watu dhidi ya mfalme kuliko yeyote Boston, alishiriki kutunga sheria ya kuwakomesha. Hoja yake ilikuwa kwamba anayemwasi mfalme anaweza kusamehewa, lakini anayeziasi sheria za jamhuri anastahili kufa. Ana hoja, sikatai. Kura ipo, kwa nini bunduki? Ila kiti chake yeye Boston kilikuwa na mtu.

Gavana James Bowdoin akaitisha kikao cha dharura mwishoni mwa Septemba. Ndicho kikao chenyewe, somo. Mkono mmoja uliruhusu malimbikizo ya kodi yalipwe kwa mazao na bidhaa, ukaahidi msamaha kwa atakayekula kiapo. Mkono wa pili ulishika kiboko: kundi lenye silaha likiambiwa litawanyike, lina saa moja. Wakikaidi, mali yao inataifishwa, wanacharazwa viboko 39 mgongo wazi, wanafungwa, na kila miezi mitatu kifungoni viboko vile vile tena. Novemba wakasimamisha kwa muda hata haki ya mtu aliyekamatwa kufikishwa mbele ya jaji. Juu ya yote wakachapisha waraka wa kuwaeleza wananchi kwamba shida yao ni kupenda anasa za Ulaya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa!

Mapigano yenyewe yalikuwa mafupi. Bunge lilikuwa halikai mwezi wa kwanza, basi gavana akachangisha matajiri wa Boston, likapatikana jeshi. Januari 25, 1787 Shays, ambaye sasa alikuwa mmoja wa viongozi wa waasi, na wenzake wakaliendea ghala la silaha la Springfield, mizinga ikalia, wakafa wanne kwenye theluji. Februari wakavamiwa ghafla asubuhi mji wa Petersham, wakatawanyika. Bunge likapitisha sheria kwamba waliohusika wasipige kura kwa miaka mitatu, wasishike cheo, wasiuze pombe na, hii yako, wasifundishe shule. Naona walijua walimu ni watu wa hatari.

Kisha ukaja uchaguzi wa Aprili. Bowdoin akabwagwa vibaya, mpinzani wake John Hancock akazoa kama robo tatu ya kura. Safari hii hata vijiji maskini vilichanga vikapeleka watu, ukumbi ukajaa sura mpya. Mwaka huo hawakutoza kodi mpya ya vichwa na mashamba, na wengi wa waliohukumiwa kwa uasi wakasamehewa. Shays mwenyewe alisamehewa 1788.

Kuna karatasi moja zaidi ambayo haimo kwenye swali lako. Februari 1783 mwanamke Mwafrika, Belinda, mtu mzima kama wa miaka 70, alipeleka ombi kwenye bunge hilo hilo. Alichukuliwa mateka mtoto wa chini ya miaka 12, kutoka nchi ya mto Volta, akatumikia miaka 50 nyumba ya Isaac Royall hapo Medford. Royall alikuwa upande wa mfalme, alikimbia vita, mali yake ikashikwa na jimbo. Belinda akasema utajiri ule sehemu yake imetoka jasho langu, nipeni posho mimi na binti yangu mgonjwa. Hakujua kuandika, aliweka alama ya msalaba. Wakamkubalia pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka! Akalipwa mwanzoni, kisha zikakatika. Ikabidi arudi 1785, akarudi 1787, akaendelea kurudi mpaka 1793, kila mara anaanza upya kueleza yeye ni nani. Nilipolisoma usiku kazini, bibi ninayemhudumia amelala, niliweka simu chini kwanza.

Sasa nami nina ombi. Ukipita kwa mama, mwambie afungue lile sanduku la bati la baba. Stakabadhi zake za kodi alikuwa anazifunga na kamba ya mkonge, za miaka yote. Kama panya hawajazimaliza, nipigie picha moja, ile yenye sahihi yake.

Wasalimie wote. Kidato cha nne waambie shangazi yao kawajibu, wapunguze maswali.

Wako,
Somo