Kurekodi skrini hakuhitaji programu ya kukraki

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu programu za kupiga picha ya skrini ya kompyuta na kurekodi video yake. Siku hizi kazi hiyo si ya wataalamu peke yao. Mwalimu anarekodi somo la Excel, karani anawaonyesha wenzake namna ya kujaza fomu kwenye mfumo, mwanafunzi anatuma picha ya hitilafu ili asaidiwe. Kinachosikitisha ni kwamba wengi wao wanaishia kwenye programu ya kulipia iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli lake ili itumike bila kulipiwa, au kwenye ile inayojiita ya bure, kumbe ikifika dakika ya 10 inakata, na video inatoka na nembo ya kampuni juu ya maandishi.

Kuhusu kraki tuseme wazi. Ili ikubali, unaambiwa kwanza uzime antivairasi, kisha uifungue kwa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Hapo umemkabidhi mtu usiyemjua funguo za nyumba nzima: nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, barua pepe, mafaili ya ofisi. Kazi hii ina programu huria nzuri, yaani ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, za bure bila masharti yoyote. Wakuu wa shule na wa ofisi wanaoruhusu kraki kwenye mashine za umma wanajiingiza kwenye hatari ambayo haiwaletei faida yoyote.

Tuanze na picha. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Shift na S. Skrini inafifia, unavuta kipanya kuzungushia sehemu unayotaka, kisha unaibandika kwenye Word au WhatsApp kwa Ctrl na V. Kwa watu wengi safari inaishia hapo, hakuna cha kupakua. Anayetaka ukurasa mzima wa tovuti, pamoja na sehemu ya chini isiyoonekana, aufungue kwenye Firefox, abofye kitufe cha kulia cha kipanya, achague "Take Screenshot", halafu "Save full page".

Anayepiga picha nyingi kwa siku, mathalani anayeandika mwongozo wa hatua kwa hatua, achukue Greenshot au ShareX. Greenshot ni nyepesi, ni ya picha tu, na inakuwezesha kuweka mishale na namba za hatua hapo hapo. ShareX ina mengi zaidi, hata kurekodi video fupi. Ila ShareX imeundwa pia kupakia picha mtandaoni, kwa hiyo fungua orodha ya "After capture tasks" uhakikishe kwamba "Upload image to host" haina alama ya vema. Picha ya orodha ya mishahara haina shughuli kwenye seva ya watu. Na picha yenye maandishi ihifadhiwe kama PNG. JPG hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa vitu vidogo vidogo, na kingo za herufi ndizo zinazoumia kwanza. Ukiivuta karibu unaona vumbi la madoa limezunguka kila neno.

Kwenye video ndiko watu wanakopotelea zaidi.

Windows 11 imekuwa na uwezo wa kurekodi video ndani ya Snipping Tool, programu yake ya kupiga picha ya skrini, tangu 2023, nayo inafaa kwa kipande cha dakika mbili tatu. Game Bar, ile inayofunguka kwa kitufe cha Windows na G, watu huilaumu bure. Iliundwa kwa ajili ya michezo, hivyo inarekodi programu moja tu na inakataa kurekodi desktop na File Explorer. Ukianza na Word kisha ukahamia Chrome, yenyewe inabaki na Word, na somo lako linakatika bila wewe kujua.

Kwa somo kamili, ushauri wetu ni OBS Studio. Ilianza 2012, ni programu huria, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, haina nembo, haina kikomo cha dakika na haina toleo la kulipia lililofichwa nyuma. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, obsproject.com, na anwani uiandike kwa mkono. Mwanzoni mwa 2023 matapeli walilipia matangazo kwenye Google yaliyowapeleka watu kwenye nakala bandia ya OBS yenye virusi, kwa hiyo tokeo la kwanza kwenye utafutaji si lazima liwe lenyewe. Kompyuta yenye Windows 7 au 8 haitakubali toleo la 28 kwenda juu. Ya mwisho kwao ni 27.2.4.

Ukiifungua mara ya kwanza unakutana na dirisha jeusi tupu. Haijaharibika, haijaambiwa tu irekodi nini. Chini kuna kisanduku cha "Sources": bonyeza alama ya kujumlisha, chagua "Display Capture", kubali, na skrini yako itajitokeza. Ikibaki nyeusi hata baada ya hapo, huenda kompyuta yako mpakato ina kadi mbili za picha, na OBS inatumia moja wakati skrini inaendeshwa na nyingine. Nenda kwenye Settings za Windows, System, Display, kisha Graphics, ongeza faili la obs64.exe lililomo kwenye folda ya obs-studio, bin, 64bit, ulichagulie "Power saving", halafu ufunge OBS na kuifungua upya.

Sasa umeme. Ndani ya OBS, kwenye Settings, sehemu ya Output, kuna mahali pa kuchagua aina ya faili. Chagua MKV. Faili la MP4 la kawaida huandika ramani yake mwishoni, pale unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika au betri ikiisha dakika ya 50, ramani haijaandikwa, na unabaki na faili la mamia ya MB ambalo hakuna kichezeshi kinacholifungua. MKV huandika taarifa zake kadiri inavyokwenda, kwa hiyo ukikatikiwa unapoteza sekunde chache za mwisho tu. Ukimaliza kazi salama, fungua menyu ya File, chagua "Remux Recordings", weka faili lako, na baada ya muda mfupi unapata MP4 yenye ubora ule ule, kwa sababu picha hazibanwi upya, zinahamishwa tu kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Kwa mazingira yetu, mpangilio huu mmoja una uzito kuliko mingine yote.

Mpangilio wa pili ni ukubwa wa skrini. Kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu zina skrini ya nukta (pikseli) 1366 kwa 768. OBS inataka upana unaogawanyika kwa 4, na 1366 haugawanyiki, kwa hiyo inashusha hadi 1364 na kuibana picha nzima kidogo. Matokeo yake herufi zote zinapata ukungu hafifu, na mwenye kompyuta anahangaika kuongeza ubora bila mafanikio. Tiba yake ni rahisi. Kabla ya kurekodi, shusha skrini ya Windows yenyewe iwe 1280 kwa 720, na ndani ya OBS, sehemu ya Video, weka namba hizo hizo kwenye "Base" na kwenye "Output". Wewe mbele ya mashine utaona maandishi hayajakaa sawa, lakini kwenye video yatatoka makali. Tena yatakuwa makubwa zaidi, jambo ambalo mtazamaji wa simu atakushukuru kwalo. Watazamaji wa masomo haya wengi wako kwenye simu, na anayerekodi kwa maandishi madogo ya skrini kubwa anawafungia mlango.

Kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazounda video, iwe 20 kwa sekunde. Ukurasa wa Excel hauruki kama mpira, 60 ni kuichosha kompyuta bure. OBS ikionyesha onyo la "Encoding overloaded", prosesa imezidiwa. Rudi kwenye Output. Ukikuta chaguo la "Hardware" la QSV, ambalo kompyuta nyingi za Intel zinalo, lichague, ili kazi ya kubana video ihamie kwenye chipu ya picha. Usipolikuta, shusha fremu hadi 10 na ufunge kivinjari chenye tabo 20.

Sauti mbaya inamfukuza mtazamaji upesi kuliko picha mbaya. Ongea kama utakavyoongea kwenye somo huku ukiangalia kipimo cha maikrofoni: kicheze kwenye njano, kisigonge nyekundu, maana sauti iliyopasuka haitengenezeki tena. Vaa spika za masikioni, la sivyo sauti ya kompyuta itatoka kwenye spika na kuingia tena kwenye maikrofoni kama mwangwi. Feni ikinguruma, bofya kulia kwenye maikrofoni, fungua "Filters", ongeza "Noise Suppression".

Kuhusu bando na nafasi, hesabu ni nyepesi. Video ya kilobiti 2,500 kwa sekunde hula takriban MB 19 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya GB 1 kwa saa. Ikiwa bado ni kubwa, HandBrake, nayo ya bure na huria, itaipunguza. Unapoituma kwa WhatsApp, itume kama hati badala ya video. Ukiituma kama video inabanwa upya, na namba kwenye seli zinageuka uji. Flashi ikigoma kupokea faili la zaidi ya GB 4 ilhali ina nafasi tele, basi imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani usiopokea faili kubwa hivyo. Nakili kwanza vilivyomo, kisha uifomati kwa exFAT.

Wenye Mac hawana haja ya kupakua chochote kwa kazi ya kawaida: Command, Shift na 5 hufungua vyote viwili, picha na video. Wenye Linux ya GNOME toleo la 42 kwenda mbele wabonyeze Print Screen.

La mwisho ni usiri, na hapa tunawasihi wasomaji wako wawe makini. Kabla ya kurekodi zima taarifa ibukizi, maana ujumbe wa benki haubishi hodi. Kwenye picha, namba ya akaunti isifichwe kwa kuitia ukungu au vimraba: kila nafasi ina tarakimu 10 tu za kujaribu, 0 hadi 9, na mwenye nia mbaya anaweza kuzijaribu zote na kulinganisha ukungu wake na wako. Ifunike kwa kisanduku cheusi kilichojaa, na uifunikie ndani ya programu ya picha, si ndani ya Word, kwa sababu aliyepokea faili la Word anakisogeza kisanduku pembeni na kusoma.

Hata kukata picha kuna historia yake. Machi 2023 iligundulika kwamba Snipping Tool ya Windows 11, ukikata picha na kuihifadhi juu ya faili lile lile, iliandika picha ndogo mwanzoni bila kufuta mabaki ya ile kubwa yaliyobaki mwishoni, na mabaki hayo yaliweza kurudishwa yakaonekana. Microsoft walirekebisha mwezi huo huo. Lakini marekebisho hayaendi nyuma kusafisha mafaili ya zamani. Mwenye picha za risiti, vitambulisho au taarifa za benki alizozikata kwa njia hiyo kabla ya hapo, na zimebaki kwenye tovuti au folda ya pamoja ya ofisi, aziondoe leo na kuzipiga upya.

Walimu na mafundi wa kompyuta,
Morogoro