Barua ya wazi kwa Afisa wa Takwimu, Kaunti ya Lamu: tunataka namba za mitaa yetu

Assalam alaikum Mheshimiwa,

Naandika hapa wazi kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu, ni la watu wa Langoni, Wiyoni, Kashmir, Kizingitini, Hindi, Mpeketoni, na nataka wakiisoma nao waongeze yao.

Kila mkutano tunaoitwa tunaambiwa Lamu ni watu 23 kwa kilomita moja ya mraba. Ni kweli, sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 kwenye eneo la kilomita za mraba kama 6,250 hivi, ukigawa unapata hiyo 23, na Kenya nzima ni 82. Hesabu sina ubishi nayo. Ubishi wangu ni vile inavyotumika, maana mtu akiisikia akiwa Nairobi anadhani huku tumejaaliwa nafasi tele, basi tukiomba vyoo, maji, zahanati, tunaonekana tunalia bure.

Hebu Mheshimiwa ingia mtaa wetu wa Langoni, hapa mjini Amu, jioni watu wakitoka kazini. Vichochoro vyenyewe punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Nyumba moja ya mawe naijua mimi, chini wamepanga vijana wa mjengo, katikati yuko mama na wanawe na wakwe, juu kwenye makuti yuko bibi na wajukuu. Kwa sensa hizo ni kaya tatu, kwa sababu kaya inahesabiwa kwa wanaopika na kula pamoja, lakini choo ni kimoja na shimo la choo ni moja, na moto ukishika yale makuti hapo juu hakuna gari la zimamoto litakalopita. Sasa toka hapo uende bara, wadi ya Basuba, kijiji cha Mangai, mpaka huko msitu wa Boni, Dodori, utatembea muda mrefu hujakutana na mtu. Hizi sehemu mbili ukizichanganya ndio unapata 23, na hiyo 23 haiko Langoni na haiko Mangai pia. Wa mjini anakosa kwa sababu ati kaunti ina watu wachache, na wa Basuba anakosa kwa sababu ati wao ni wachache zaidi.

Na tunaongezeka mbio sana. Sensa ya 2009 tulikuwa 101,539, kwa hivyo miaka kumi tumeongezeka zaidi ya watu 42,000, yaani kama asilimia 42, wakati nchi nzima iliongezeka kama asilimia 23. Na hiyo ni kabla gati ya kwanza ya bandari kule Magogoni kufunguliwa Mei 2021. Maji ya mji wa Amu, yaani Lamu mjini, bado yanategemea visima vya kwenye michanga ya Shela, na kila anayehamia anakunywa hapo hapo, chumvi ikizidi sote tutalia.

Niseme kilichonifanya niandike. Kikundi chetu cha mtaa tulitaka kupeleka ombi la maji kwenye vikao vya bajeti, tukaulizwa swali moja tu, nyinyi mko wangapi? Mzee wa mtaa akasema yake, kiongozi wa nyumba kumi akasema nyingine kabisa. Tukaenda ofisi moja hapa mjini kuuliza, tukaambiwa hiyo data ni ya serikali, leteni barua, tukapeleka barua, mpaka leo kimya. Ikabidi vijana wapite nyumba kwa nyumba na daftari, wakiandika watu, watoto wa chini ya miaka mitano, maji yanatoka wapi, choo wanashirikiana wangapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi wenyewe ndio hatuna daftari letu.

Najua utasema matokeo ya sensa yako kwenye tovuti. Yako, na wenye kuyaweka nawashukuru, mpaka sablokesheni, yale maeneo madogo ya manaibu chifu, zimo. Lakini ni PDF nzito ya mamia ya kurasa kwa Kiingereza, ambayo mama wa Kizingitini mwenye bando la shilingi ishirini hawezi kuifungua. Halafu sensa imepangwa kwa lokesheni na sablokesheni za chifu, bajeti ya kaunti inapangwa kwa wadi, na mipaka haifuatani. Mwananchi atajuaje wadi ya Mkomani ina watoto wangapi wa chekechea akadai darasa?

Jambo jingine zito zaidi. Hapa kwetu namba zikikosekana zinajazwa na uvumi. Kila uchaguzi na kila ugomvi wa ardhi utasikia sisi tumemezwa, wale wameletwa, hawa ni wachache. Lamu Mashariki sensa iliwapata watu 22,258 tu, na ukigawa Wakenya wote kwa maeneo bunge 290 wastani ni kama 164,000, kwa hivyo mapitio ya mipaka ya maeneo bunge yakitajwa watu wa huko, wa Faza na Kiunga, roho zinawaruka wakihofia kupoteza eneo bunge lao. Wana haki ya kuzijua namba zao mapema na kujitetea kwazo.

Lakini sitaki kila kitu kianikwe, na hapa naomba unielewe vizuri. Kabila la watu kijiji kwa kijiji msitoe. Kijiji cha Waaweer, ile jamii ndogo ya msitu wa Boni, chenye kaya chache ukiandika umri, kabila na kazi umeshamtaja mtu kwa jina, na sheria ya kulinda data ya 2019 tunayo. Toeni idadi ya watu, umri, kaya, maji, vyoo, umbali wa zahanati. Hizo zinatosha.

Na sensa ijayo, 2029, pangeni na manahodha mapema. Sensa inamhesabu mtu pale alipolala usiku ule, na wavuvi wetu wengi wakati mwingine wamelala dago, yaani kambi ya wavuvi, visiwani huko, wengine baharini kabisa. Mwezi wa Mfungo Sita nao wageni wa Maulidi wanajaa mji mzima, maji na vyoo ni vile vile, na hawamo kwenye hesabu yoyote ya mipango.

Tunachoomba ni karatasi moja kwa kila wadi, kwa Kiswahili, ibandikwe kwa chifu, jetini, zahanati na misikitini, na itumwe kwa simu ikiwa nyepesi. Anzeni na wadi za mjini na Basuba kabla vikao vya bajeti vijavyo. Daftari letu liko tayari, tuitieni siku tuje tulilinganishe na lenu, mkiona tumekosea mtatuonyesha, na nyinyi mkiwa mmekosea turekebishe pamoja.

Wako,
Mkaazi wa Langoni, Amu