Salamu za Shukrani: Baba Amepata Figo

Alhamdulillah. Familia yetu ya Tanga na Dar es Salaam inamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumrudisha baba yetu nyumbani, baada ya kupandikizwa figo Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Waliokuwa nasi karibu wanaijua hali aliyofikia. Mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, damu yake ilisafishwa kwa mashine. Miguu imevimba, chakula hakipiti, hata maji ya kunywa anapimiwa. Siku ya upasuaji tulishaelezwa kuwa figo zake za zamani zitaachwa mahali pake. Mpya itawekwa chini ya tumbo, iungwe na mishipa ya damu, kisha mrija wake uingizwe kwenye kibofu. Maelezo hayo hayakutuondolea hofu pale kwenye benchi. Daktari alipotoka na kusema figo imeshaanza kutoa mkojo, mama alisujudu palepale sakafuni.

Shangazi, wewe ndiye uliyelala kitanda cha pili ukampa kaka yako figo yako, na ulipozinduka ukamuulizia yeye kwanza. Sisi wanao hatuna cha kukulipa. Mola akuzidishie afya na umri.

Muuguzi wetu wa zamu ya usiku, kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, ilipopanda tukadhani mwili unaikataa figo, hukutuacha peke yetu mpaka dawa ziliporekebishwa na vipimo vikashuka. Allah akulipe.

Tunawashukuru madaktari bingwa, wataalamu wa usingizi na maabara, na wote walioianzisha huduma hii Muhimbili mwaka 2017. Safari ya India kufuata upasuaji huu tusingeiweza. Imamu na waumini, majirani Wakristo mliotuombea kanisani, wafanyakazi wenzake wa bandarini, kikoba cha mama, mliochangia damu, mliotuma fedha kwa simu, mlioleta uji na chakula: ahsanteni sana.

Mtuwie radhi mliofika mkazuiwa mlangoni. Takrolimasi na dawa nyingine atakazomeza maisha yake yote zinashusha kinga ili mwili usiikatae figo, na mafua ya mgeni yanaweza kumrudisha wodini. Wapo pia tuliowasahau, nao ni wengi. Simu hazikupokewa na meseji hazikujibiwa. Tunaomba sana mtusamehe, wema wenu Mungu ameuona.

Dua ya shukrani itasomwa Tanga, inshallah, madaktari watakaporuhusu mkusanyiko. Tutawajulisha.

Mama, watoto na wajukuu