Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Sita

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afisa Ardhi wa Wilaya. Mkuu wa shule, walimu wetu na wazazi, shikamooni.

Tuliposikia mgeni ni mtu wa ardhi tulifurahi, kwani mwaka mzima klabu yetu imebishana juu ya sheria moja tu: Sheria ya Ardhi ya Tanganyika ya 1923.

Mheshimiwa, amri ya Wajerumani ya 1895 ilitwaa ardhi yote waliyodai haina mwenyewe. Waingereza walikuja wakiwa wamefungwa na masharti ya Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa: waheshimu mila, na ardhi ya mwenyeji isiende kwa mgeni bila idhini ya serikali. Basi sheria yao ikatangaza ardhi yote kuwa ya umma, chini ya Gavana, kwa manufaa ya wenyeji. Mlowezi akapewa hati isiyozidi miaka 99. Kenya ilikuwa miaka 999, na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba Wakikuyu ni wapangaji tu wa Mfalme wa Uingereza, wa kuondolewa wakati wowote. Mwenzetu mmoja akasema, "Afadhali sisi."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Aliyerithi kihamba, yaani shamba la ukoo, cha babu yake hakuwa na hati. Haki yake ya kimila iliingizwa kwenye sheria kwa marekebisho ya 1928, na hata hivyo ilihesabiwa *kana kwamba* amepewa na serikali. Maneno hayo mawili yalitukera. Mtu amezika wazee wake pale, bado ni kana kwamba! Wazee wetu hapa Meru walionja uzito wake 1951, walipoondolewa Engare Nanyuki kupisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, mwakilishi wa Wameru, akafikisha kilio chao Umoja wa Mataifa, na ardhi haikurudi wakati ule. Mahakama ya Rufani ilikuja kutamka 1994 tu kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. Kwanza, utusaidie usafiri twende Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, tuone majalada ya wakati ule kwa macho yetu. Pili, kabla hujaondoka, uwaeleze wazazi waliopo namna ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Tuliwauliza nyumbani; wengi wana kihamba, hati hawana.

Tunaomba kuwasilisha.