Fidia isiyobishaniwa ilipwe rufaa ikiendelea

Kwa Mhariri,

Mpwa wangu alivunjika mfupa wa paja lori lilipoigonga bodaboda aliyokuwa amepanda, na mahakama ya hakimu ikamtuza fidia ya jumla ya Sh900,000. Kampuni ya bima ilikata rufaa katika Mahakama Kuu ndani ya siku 30 zinazoruhusiwa na sheria. Haikukana kwamba dereva wa lori ndiye mwenye makosa. Ilidai tu kuwa kiasi hicho kimepita kadiri, na kwamba Sh400,000 zingetosha kwa jeraha kama lile.

Sipingi haki ya kukata rufaa, kwa kuwa hata aliyetuzwa kidogo mno anayo, na katika siku hizo hizo 30. Hata hivyo, tangu kesi ya Kemfro ya miaka ya 1980, msimamo wa Mahakama ya Rufaa ya Kenya ni kwamba jaji habadilishi fidia kwa sababu tu yeye angetoa kiasi tofauti. Sharti aonyeshwe kuwa hakimu alizingatia jambo lisilohusika, au aliacha linalohusika, au alitoa kiasi kikubwa au kidogo kupindukia, hata ikadhihirika kwamba alikosea kabisa katika kukadiria.

Linalonikera ni muda wa kusubiri. Kanuni za kesi za madai, katika Agizo la 42, zinamruhusu jaji kusitisha utekelezaji wa hukumu kwa masharti, na mara nyingi majaji huagiza nusu ya pesa alipwe mlalamishi na nusu iwekwe benki katika akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande zote mbili. Kwa mpwa wangu, pesa zote zilipelekwa benki. Huko zinazaa riba, naye bado anachechemea akiwa na chuma pajani, kwa kukosa pesa za upasuaji wa kukitoa.

Ikiwa bima yenyewe imeandika katika hati yake ya rufaa kwamba Sh400,000 zinatosha, basi hizo hazina ubishi tena, na sioni sababu ya kuzifungia pamoja na zile Sh500,000 zinazogombaniwa. Naomba majaji, kila rufaa inapohusu kiasi peke yake, wamuulize kwanza wakili wa bima ni kiasi gani wao wanaona majeruhi anastahili, kisha waagize kilipwe kabla ya kusitisha malipo ya kinachobaki.

Msomaji,
Nakuru