Ukarabati wa Majestic uanze kwenye paa, si kwenye viti

Mhariri,

Kila mara ukarabati wa jumba la sinema la Majestic pale Vuga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, unapotajwa, mazungumzo huishia kwenye viti na skrini. Sisi tunaoshughulika na majengo ya kale tunaomba mjadala uanzie juu, kwenye paa, kisha uteremke ukutani.

Kiwanja hicho kimebeba majumba mawili. Mwaka 1921 ilifunguliwa Royal Cinema Theatre, iliyochorwa na J.H. Sinclair, yule yule aliyechora Mahakama Kuu ya hapo hapo Vuga na jumba la makumbusho la Beit el Amani. Iliungua mwaka 1954. Mwaka uliofuata ikasimama Majestic, kwa ramani ya Dayalji Pitamber Sachania na kwa mtindo wa Art Deco, yaani usanifu wa maumbo ya kijiometri na mistari iliyonyooka.

Ukumbi wa maonyesho si nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe. Huku kwetu boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba: urefu wake unaofaa ni kama mita 3, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Ukumbi hauwezi kujazwa nguzo katikati, watazamaji wataona nini? Basi paa hubebwa na kenchi ndefu, yaani fremu za kubeba paa, zinazotua juu ya kuta za pembeni tu. Gata, yaani mfereji wa maji ya paa, likiziba wakati wa masika, maji hufurika na kuingia pale pale ncha ya kenchi inapolala ukutani. Mbao huoza, chuma huliwa na kutu, na aliye chini haoni kitu mpaka paa lilegee. Ncha hizo zifunuliwe moja moja. Kama ni mbao, ichomwe kwa bisibisi: ikizama bila nguvu, kipande hicho kimekwisha na rangi haitakiponya.

Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa tena. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu hukwama nyuma yake, chumvi huganda kuwa chembe zinazosukuma, na plasta hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Kinachofaa ni chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, mchanga usiwe wa pwani, kila tabaka lisizidi sentimita 1, kisha lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa lisikauke kwa pupa. Mkandarasi mwenye haraka hapendi kungoja, kwa hiyo mkataba ndio umlazimishe.

Zege la nondo la miaka ya 1950 lina maradhi mengine. Chumvi ya bahari na hewa ya ukaa hupenya hadi kwenye nondo, kutu huvimba, zege hupasuka. Kuuziba ufa huo kwa plasta ni kuuficha tu. Zege libomolewe mpaka sentimita 2 nyuma ya nondo, na nondo isuguliwe kwa brashi ya waya hadi ing'ae. Kujua pa kuishia, sehemu iliyobomolewa punde inyunyiziwe fenolfthalini, dawa ya kupimia inayobadilika rangi. Ikigeuka rangi ya waridi, zege bado halijaathiriwa na hewa ya ukaa. Isipobadilika, kinga ambayo zege huipa nondo dhidi ya kutu imekwisha. Chumvi hupimwa peke yake, maana dawa hii haiioneshi.

Tunaomba wahusika wabandike hadharani, kabla ya kila awamu ya kazi, ramani za ukarabati na orodha ya vifaa, ikionesha ukuta upi utapigwa chokaa na nguzo ipi itapewa zege jipya.

Mafundi wa majengo ya kale,
Unguja